Makato ya kadi nje ya nchi: siku 87 India na mgonjwa, benki yangu haikuniambia kitu

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimekaa nao rohoni tangu tumerudi, leo nautoa.

Juni 2025 nilimpeleka mama Chennai, India, kwa matibabu ya saratani. Tuliambiwa tujiandae kwa miezi mitatu, tukakaa siku 87. Hela ilikuwa ya ukoo mzima. Kaka aliuza kiwanja, shangazi akavunja akiba yake ya vikoba, kundi la familia likachanga elfu kumi kumi. Naanza na hili ili mjue kila shilingi iliyokatwa ilitoka mfukoni mwa nani.

Kabla ya safari nilienda tawini, kwenye benki ninayopitishia mshahara miaka yote. Nikaeleza naenda wapi, kwa muda gani, na nani. Dada wa dirishani akanijazisha fomu ya kufungua kadi zitumike nje, zote mbili, ya shilingi na ya dola. Nikamuuliza makato yakoje. Akajibu, "Ni ya kawaida tu kaka, kadi yako inafanya kazi dunia nzima." Nikaondoka na amani.

Mara ya kwanza kutoa hela Chennai nilitoa rupia 10,000, maana ATM nyingi za kule hazikupi zaidi ya hapo kwa mkupuo mmoja. Siku hizo rupia moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 30, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa laki tatu. Nikaangalia taarifa ya akaunti: 327,600. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikatoa tena siku ya nne, ikawa hivyo hivyo.

Nilikaa usiku nikaichambua. Wenye ile mashine walikata rupia 250 zao, sawa na 7,500. Benki yangu ikakata 12,000 kwa sababu nimetoa hela nje ya nchi. Zinabaki 8,100 ambazo hazina jina popote. Hizo zimejificha ndani ya bei ya kubadilishia: rupia inageuzwa kuwa dola, dola inageuzwa kuwa shilingi kwa bei ya benki yenyewe, na wewe unaona jumla tu. Kwa hiyo kila nilipotoa laki tatu, elfu 27 na ushee ilikwenda. Na ukitoa kidogo, tuseme rupia 3,000 za kula siku mbili, ile 12,000 inabaki palepale. Mtu mwenye hela kidogo ndiye anaumia zaidi.

Nilitoa mara kumi na nne kabla sijapata akili nyingine. Makato peke yake 381,000 na chenji. Chumba chetu kilikuwa rupia 900 kwa siku. Hizo ni siku kumi na nne za mama kulala kitandani, zimeliwa na mashine.

Hilo la kwanza. La pili ndilo linaniuma zaidi.

Siku ya kulipa amana ya hospitali, rupia 250,000, nilitoa kadi ya dola. Mhasibu akaichomeka, akabonyeza kitu, akanigeuzia mashine niweke namba ya siri. Nikaweka. Risiti ilipotoka nikaona imeandikwa dola 3,067. Dola siku ile ilikuwa kama rupia 86, ilitakiwa ikatwe kama 2,907. Mashine ilitumia 81.5. Dola 160 zimekwenda kwa kubonyeza kitufe kimoja, na kwa bei ya siku hizo ni zaidi ya laki nne za kwetu.

Wakuu, hiki kitu mkijue. Ukitumia kadi ya nje, mashine inaweza kukuuliza: ulipe kwa hela ya nchi hiyo au kwa hela ya kadi yako? Ukikubali hela ya kadi yako, anayekubadilishia ni mwenye mashine, kwa bei anayoitaka yeye. Chagua hela ya nchi uliyopo, siku zote. Kwenye ATM inakuja kwa maneno ya kutisha kidogo, inakuuliza unakubali ubadilishaji au unakataa, na mtu anaogopa kukataa akidhani hela haitatoka. Kataa. Inatoka vilevile, kwa rupia. Kanuni za kampuni ya kadi ya Visa zenyewe zinataka mteja aulizwe kwanza. Mimi sikuulizwa, na sikujua kama kuna swali. Benki yangu inajua miaka yote kwamba watu wanaliwa hapo. Ilishindwa nini kuniandikia mstari mmoja kwenye ile fomu?

Nije kwenye usiku wa Ijumaa moja ya Julai.

Mama alizidiwa, daktari akaandika sindano, dirisha la dawa likasema rupia 18,600, lipa kwanza. Nikatoa kadi, ikagoma. Nikatoa ya pili, ikagoma. Mfukoni nina rupia 3,200. Nyuma yangu kuna foleni, mhudumu ananirudishia kadi kwa vidole viwili kama kitu kichafu. Salio lipo, naliona kwenye programu ya simu. Nikapiga ile namba ya bure ya huduma kwa wateja iliyo nyuma ya kadi. Haiunganishi. Namba ya bure ya Tanzania haipigiki ukiwa India, na hakuna nyingine iliyoandikwa pale. Nikaingia WhatsApp yao, roboti likaniambia nibonyeze 1, nikabonyeza, likarudi mwanzo. Kule ilikuwa saa tano usiku, nyumbani saa mbili na nusu. Baada ya dakika arobaini nikapata binadamu. Akasema kadi imefungwa kwa usalama wangu, kwa sababu kibali cha kutumia nje ni cha siku 30 na zimekwisha. Siku thelathini! Fomu nimeandika miezi mitatu, kwa mkono wangu. Nikauliza nafanyaje. Akanijibu: "Fika tawi lolote lililo karibu nawe."

Nilikuwa Chennai.

Njia nyingine ilikuwa kuifungua mwenyewe kwenye programu, lakini inatuma namba ya uthibitisho ya tarakimu sita kwenye laini ya Tanzania, na laini yangu kule haikuwa inapokea meseji. Barua pepe yangu wanayo. Hawatumi huko.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Pemba aliyekuwa loji moja na sisi, amekuja na mwanawe wa kiume. Nilimgongea mlango, nikamweleza. Hakuuliza mara mbili. Aligeuka ukutani, akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akanihesabia rupia 16,000, noti za mia tano tupu. "Chukua mwanangu, mgonjwa hangoji benki." Sindano ikachomwa saa sita na robo.

Kesho yake, tukiwa jikoni pale loji, ndiye aliyenifundisha nilichotakiwa kufundishwa na benki. Alikuja na dola taslimu, noti za mia mia, mpya, zisizo na mkunjo wala alama ya kalamu, maana noti ndogo na chakavu wanazipunguzia bei au wanazikataa. Alibadilisha kidogo kidogo kwenye maduka yenye leseni karibu na hospitali, kwa pasipoti, baada ya kuuliza bei maduka matatu. Nikafuata. Siku dola iko 86, mimi nilipata 85.2, chini ya asilimia moja. Uwanja wa ndege tulipofika walinipa 79 na nilishukuru. Shilingi yetu usihangaike nayo, sikupata duka hata moja lililoigusa.

Kaka alininunulia dola Dar, akampa kijana wa kanisani aliyekuwa anampeleka mkewe hospitali ya jirani, zikanifikia. Kuanzia hapo kadi ikawa ya bili kubwa ya hospitali tu, kwa rupia, tena baada ya kaka kwenda tawini mwenyewe na barua niliyoiandika kwa mkono ili waifungue.

Lakini fikirini maana yake. Mwaka 2025, nina kadi mbili zenye nembo ya dunia nzima, halafu nalala na dola 2,400 zimeshonewa ndani ya mto kwenye nchi ya watu, nashtuka kila mlango ukilia. Zikiibiwa, matibabu yameishia hapo. Nilichagua hatari hiyo kwa sababu njia salama ilikuwa inaninyonya.

Kuhusu matumizi madogo, kule kila mtu analipa kwa simu kupitia UPI. Muuza chai ya rupia 15 ana karatasi ya kuskani imebandikwa kwenye birika, dereva wa bajaji anayo mgongoni mwa kiti. Mimi, bila akaunti wala namba ya kule, nilibaki na noti ya 500 ambayo ndiyo kubwa siku hizi, tangu ile ya 2,000 iondolewe 2023, na hakuna mwenye chenji. Ukiingia duka kubwa, vunja noti. Tunza za kumi na ishirini kama dhahabu.

Sasa nasema na benki, najua mnapita humu. Andikeni makato yote kwenye karatasi moja, pamoja na hayo mnayoficha kwenye bei ya dola, mumpe mtu kabla hajasafiri. Wekeni nyuma ya kadi namba inayopigika kutoka nje. Namba ya uthibitisho itumeni na kwa barua pepe. Na kibali kikikaribia kuisha mnijulishe wiki moja kabla, msinifungie nikiwa dirisha la dawa.

Malalamiko nimeshapeleka kwa maandishi. Wamenijibu mara moja tu: nilete risiti halisi. Risiti za mashine za Chennai zinachapwa kwenye karatasi inayofifia, nusu zimeshakuwa nyeupe. Bahati nzuri nilizipiga picha zote siku ileile, na nimezichapisha upya. Jumatatu saa mbili na nusu nipo tawini. Wasiponisikiliza, bahasha hiyohiyo inakwenda Benki Kuu. Mwenye taarifa za akaunti za safari ya India, China au Uturuki zenye makato kama haya aniandikie, tuziambatanishe pamoja.