Urasimishaji wa makazi (kupimiwa viwanja tupate hati) umeanza mtaani, korongo limechorwa mstari tu. Tufanyeje?

MamaTunu: Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu Kinyerezi kampuni ya upimaji imebandika rasimu ya mchoro ofisi ya serikali ya mtaa. Barabara zipo, viwanja vina namba, ila korongo la nyuma kwetu ni kamstari ka bluu, na viwanja vimelibana huku na huku. Masika maji huingia ndani kwa jirani yangu wa bondeni. Alama ya tope ipo ukutani hadi leo, juu ya swichi ya taa. Nilipouliza nikajibiwa, "Mama, mtaro utajengwa baadaye." Wengine wanasema nataka kuwakosesha hati. Naombeni mwongozo, matusi hapana.

FundiBikoni: Umewahi, mama. Mimi nashika mashine ya kupimia, nakwambia ninachokiona saiti: bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zikishafukiwa ardhini, kila anayetakiwa kupisha maji anadai fidia, na ana haki. Pigeni kelele rasimu ikiwa bado karatasi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Watakwambia lile ni korongo, si mto, kiangazi watoto wanacheza mpira humo. Msibishane. Chukueni futi, piteni nyumba kwa nyumba mpime alama za tope kutoka usawa wa ardhi, mpige picha, muandike ni mvua za mwaka gani. Kisha itisheni mkutano wa mtaa, mambo hayo yaingie kwenye muhtasari wenye mhuri, nakala kwa afisa mipango miji wa halmashauri. Angalieni pia ramani za mradi wa Ramani Huria. Tangu 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi wamechora mitaro na sehemu nyingi za Dar zinazofurika.

Kisiki: Mita 60 kila upande si nusu ya mtaa hiyo? Nani atakubali?

WaJangwani: Na huo mtaro wenu wa zege ulionyooka, maji yakishatoka kwenu yanakwenda wapi? Yanashuka mto Msimbazi, yanatukuta sisi wa Jangwani. Desemba 2011 tulipanda juu ya mabati, wenzetu wengi wakahamishiwa Mabwepande, mbali na bonde. Leo kuna mradi mzima wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 200 mwaka 2022, na sehemu ya kazi ni kulipa watu watoke bondeni na kuhamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi. Hiyo ndiyo bei ya "baadaye".

MamaTunu: Asante kaka zangu. Kisiki ana hoja lakini, kuna wajane wenye vyumba viwili pale pale ukingoni.

FundiBikoni: Waliokwisha kujenga ni mazungumzo mengine, msiyachanganye, mtapoteza mkutano. Anzeni na palipo wazi: viwanja vitupu vinavyogusa korongo vifutwe kwenye rasimu, na lile eneo liandikwe matumizi yake kabisa, hifadhi ya korongo, bustani za mchicha ruksa, kuta hapana. Likiachwa jeupe bila jina, mwakani utakuta mtu kamwaga tofali. Na wachimba mchanga muwadhibiti, hao ndio wanaotanua kingo kuliko hata mvua.

Kisiki: Hapo kwenye mchanga mwenyekiti wa mtaa atakuwa upande wenu kweli?