Yakuti za njano za Umba: rangi ya asili au ya mionzi?

mnunuzi_ngamiani: Wakuu, salaam. Hapa Tanga mjini kuna fungu la yakuti za njano, muuzaji anasema ni za Bonde la Umba, huku huku mkoani Tanga. Njano imekolea mno na zote zinafanana, ndiyo maana nahisi zimepigwa mionzi. Je, zitapauka? Kuna kipimo kisichoharibu jiwe? Na mvaaji yuko salama?

fuwele_tz: Mkuu, njano ya chuma haiondoki, kwa sababu atomi za chuma zimekaa kwenye nafasi za alumini. Ya mionzi ni tofauti: elektroni zimeng'olewa zikanaswa kwenye kasoro za fuwele. Mara nyingi jua au joto huzirudisha, na njano huenda nazo.

Chukua mawe mawili yaliyofanana kabisa. Moja lifungie kwenye droo yenye giza, la pili lianike kwenye jua kali siku 3 hadi 5. Usilianike nyuma ya kioo cha dirisha, kioo hupunguza urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana) unaofanya kazi hiyo. Kisha yaweke pamoja juu ya karatasi nyeupe, kivulini. Wengi hupotea hapa: wanaanika jiwe moja halafu wanategemea kumbukumbu ya macho. La juani likipauka, litilie shaka fungu zima.

Moto wa sonara usiutumie. Joto la ghafla hupasua jiwe lenye nyufa, na hata lisipopasuka huwezi kulirudisha kama lilivyokuwa.

Ukiwa na spektroskopu (kifaa cha kutawanya mwanga uonekane rangi zake), mstari mweusi karibu na nanomita 450 ni alama ya chuma. Lakini hautoshi, maana jiwe lenye chuma nalo hupigwa mionzi.

mnunuzi_ngamiani: Shukrani sana. Na usalama?

jiwe_la_chumbageni: Inategemea mionzi gani, ndugu. Gama ya kobalti-60 (miale inayotoka kwenye metali yenye mionzi) inahamisha elektroni tu, viini vya atomi haivigeuzi, kwa hiyo jiwe halibaki na mionzi. Nyutroni za kinu cha nyuklia ndizo za kuangalia: zinasukuma atomi nzima zitoke mahali pake na kugeuza viini vya uchafu uliomo. Topazi nyingi za buluu nzito hupitia huko. Tantali-182, atomi yenye mionzi, ikizaliwa ndani yake, hupungua nusu kila siku 114. Baada ya mwaka na miezi mitatu hivi inabaki sehemu 1 kati ya 16. Ndiyo maana mawe hayo huwekwa kwanza kabla ya kuuzwa. Kwa topazi za namna hiyo dai cheti cha kipimo, au waulize Tume ya Nguvu za Atomiki.

fuwele_tz: Niongeze zirkoni, kito kingine chenye mionzi yake ya asili, maana huko madhara ni makubwa zaidi. Urani na thori, metali zenye mionzi zilizomo ndani, huvunja mpangilio wa fuwele kwa mamilioni ya miaka. Uzito wake hushuka kutoka karibu gramu 4.7 hadi karibu gramu 4 kwa kila sentimita ya ujazo. Pima uzito hewani, kisha majini, ulinganishe, utaona.