Tupeane uzoefu: chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) kushuka kwa mgonjwa wa figo aliye kwenye antibayotiki

NesiDayalisisi_Mza: Wadau wa Kanda ya Ziwa, naanza na antibayotiki ya linezolidi. Dozi ni miligramu 600 kila baada ya masaa 12, na figo zikifeli haipunguzwi. Ila mabaki yake hurundikana mwilini, na chembe sahani za wagonjwa hawa hushuka kirahisi kuliko za wengine, hasa dawa ikivuka siku 10. Pima FBP (hesabu ya chembe zote za damu) kabla ya kuanza, kisha angalau kila wiki. Sampuli itoke kabla ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine ya kusafisha damu, kuingia. Siku ya kusafisha damu, dozi itolewe baada ya mashine. Masaa 3 tu huondoa karibu asilimia 30 ya dawa.

Maabara_Igoma: Dada, kabla hamjasimamisha dawa, ulizeni kwanza slaidi (kioo chenye damu ya kutazama kwa darubini) inasemaje. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, na kwa baadhi ya watu hiyo hufanya chembe sahani zishikamane. Mashine ya maabara haiyahesabu mafungu, inatoa chembe sahani elfu 40 kwa maikrolita kwa mtu ambaye hana shida yoyote. Angalia ukingo wa slaidi pale damu inapoishia. Ukiona mafungu, chukua damu upya kwenye kifuniko cha bluu na jibu lizidishe kwa 1.1. Halafu huku kwetu mrdt (kipimo cha haraka cha malaria) haikwepeki, malaria inashusha sana chembe sahani. Na mvuvi wa Ukerewe mwenye wengu lililovimba kwa kichocho anaweza kuwa chini ya elfu 100 hata kabla ya kidonge cha kwanza.

Mfamasia_Nyegezi: Heparini nayo mnaisahau. Chembe sahani zikishuka nusu kati ya siku ya 5 na 10 tangu heparini ianze, na damu inaganda ovyo kwenye chujio la mashine, acheni heparini yote, hata ile ya kufungia katheta (mrija wa kwenye mshipa). Zikiporomoka ghafla chini ya elfu 20, fikirieni vankomaisini, kotrimoksazoli au rifampisini. Rifampisini ikithibitika ndiyo chanzo, hairudishwi tena.

NesiDayalisisi_Mza: Sawa kaka. Urea (uchafu wa damu ambao figo huutoa) ikiwa juu, hata chembe zilizobaki hazifanyi kazi vizuri, kwa hiyo sindano za msuli na diklofenaki hapana. Mkiendesha mashine bila heparini, suuzeni chujio kwa salini (maji ya chumvi ya hospitali) mililita 100 hadi 200 kila nusu saa, na jumla yake muiongeze kwenye maji ambayo mashine inapaswa kuyatoa mwilini. Wengi wanasahau hapo, mgonjwa anarudi nyumbani amevimba.