Naombeni ushauri: nataka kujifunza shabaha kwa .22, mke hataki

Mwana_Muheza: Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga mjini, shamba letu liko Muheza. Nataka kuanza mazoezi ya kulenga shabaha kwa bunduki ndogo, .22. Mama watoto kanuna, siku ya tatu leo ananitengea chakula bila neno. Nimweleze faida gani anielewe? Usingizi sipati.

Afande Mstaafu: Faida ipo, tena kubwa. JKT tulianzia silaha nzito. Ikikupiga bega mara mbili, ya tatu unafumba macho kabla hujafyatua. Ugonjwa huo ulinikaa miaka. .22 haina teke, risasi yake gramu mbili na nusu hivi, kelele ndogo, bei nafuu. Ukikosa, kosa unalijua: pumzi, au kidole kimevuta kwa papara. Olimpiki mita 50 wanatumia hiyo hiyo, na duara la katikati, la alama kumi, lina upana wa milimita 10.4 tu.

Shangazi wa Chumbageni: Mwanangu, mwenzio kanuna siku tatu na wewe unatafuta hoja za kumshinda? Kaa naye kwanza, muulize anaogopa nini.

Popo wa Makorora: Chukua manati mkuu, haina teke kabisa 😂

Kisiki: Bunduki ya nani?

Mwana_Muheza: Ipo nyumbani.

Kisiki: Sijauliza ilipo.

Mwana_Muheza: Ya marehemu mzee. Amefariki Novemba, leseni ina jina lake. Nimeiviringisha kanga, iko uvunguni. Siifichi jamani, mirathi tu haijafunguliwa. Na njia ya mita 50 nimeshafyeka, mwisho kuna minazi, itazuia.

Afande Mstaafu: Minazi haizuii kitu! Risasi ya .22 inaweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu. Panatakiwa tuta nene la udongo. Nyuma ya minazi kuna nini?

Mwana_Muheza: Kinjia cha wanafunzi. Ila mimi ningepiga Jumapili.

Shangazi wa Chumbageni: Jumapili watoto hawaendi kuokota kuni?

Kisiki: Leseni hairithiwi kama shamba. Nenda kituoni na cheti cha kifo, toa taarifa, bunduki iache kwanza. Wao watakwambia inafikishwaje. Mkeo analalia kesi.

Jicho la Mwewe: Chai hii. Februari ulifungua uzi mzee wako anaumwa magoti, unatafuta daktari. Kafufuka?

Popo wa Makorora: Nilijua! Lete sukari.

Afande Mstaafu: Kama ni chai nimeandika bure, na vidole vyangu hivi vinauma.

Mwana_Muheza: Wa Februari ni baba mdogo, ndiye aliyenilea, naye namwita mzee. Siwezi kumzulia baba yangu kifo. Picha hiyo hapo chini, kitako kimetafunwa na panya, herufi zake alichonga mwenyewe kwa kisu.

Afande Mstaafu: Pole kwa msiba, kijana. Ila toa picha sasa hivi, namba ya bunduki inasomeka.