Mbona madume hupigana bila kumalizana?

Mdadisi
Wakuu, naomba kueleweshwa. Nimeangalia video ya twiga madume wawili wakichapana kwa shingo. Kila mmoja anarusha kichwa kama rungu, mwenzake anayumba. Mwishowe mmoja akageuka akaenda zake, na mshindi wala hakumfuata. Nafasi ya kummaliza alikuwa nayo. Nilifundishwa kwamba wanyama hujizuia ili jamii yao isitoweke. Ni kweli?

Nyamera
Hapana, mkuu. Dume hajizuii kwa ajili ya wengine. Wanasayansi John Maynard Smith na George Price walionyesha kwa hesabu, mwaka 1973, kwamba kujizuia kunamfaa yeye mwenyewe. Anayepigana kufa na kupona kila mara, siku moja atakutana na wa aina yake, na mguu ukivunjika basi misimu yote iliyobaki imepotea.

Ninaowapenda zaidi katika habari hii ni kulungu wekundu wa kisiwa cha Rum, Scotland, waliochunguzwa kwa miaka mingi na mwanasayansi Tim Clutton-Brock na wenzake. Mgeni akimjia dume mwenye majike, wanaanza kunguruma kwa kupokezana. Kunguruma kunachosha mwili kama kupigana kunavyouchosha, kwa hiyo aliyedhoofika hawezi kudanganya kwa muda mrefu. Mgeni akizidiwa sauti, mara nyingi anaondoka. Wakilingana, wanatembea sambamba, huku na huku, wakipimana maumbo. Bado hakuna aliyekubali? Hapo ndipo pembe zinapofungana na msukumano kuanza.

Lakini tusiuite mchezo. Wapo wanaotobolewa macho na wapo wanaokufa.

Mbawa
Naongezea upande wa pili: nyigu wa tini. Kuna aina ambazo madume hawana mbawa. Wanaishi na kufa ndani ya tunda walimozaliwa, na majike wote watakaowahi kuwapata wamo humo humo. Hakuna msimu ujao wa kujitunzia. Hao hukatana kwa taya hadi vichwa vinatengana na miili, kama mwanabiolojia W. D. Hamilton alivyoeleza mwaka 1979.

Mdadisi
Asanteni sana, sasa naona. Na tembo je? Nilisikia kuna vijana waliowahi kuua vifaru.

Nyamera
Ni kweli, na habari hiyo huniuma. Ilitokea katika hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini. Tembo wale walikuwa yatima: wakubwa wao waliuawa katika hifadhi ya Kruger, nchini humo humo, ili kupunguza idadi ya tembo, wadogo wakahamishwa bila mzee hata mmoja. Walipobalehe wakaingia masti mapema mno. Masti ni kile kipindi ambacho homoni za kiume hupanda sana na dume huwa mkali. Kati ya 1992 na 1997 waliua vifaru zaidi ya 40.

Mwaka 1998 wakaletwa madume wakubwa 6 kutoka Kruger. Kijana mwenye masti akisimamishwa na mkubwa, masti yake hukatika, pengine ndani ya muda mfupi tu. Mauaji yakakoma.

Ndiyo maana sikubali hoja kwamba dume mzee hana kazi tena porini. Tembo dume huendelea kukua kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na huchukua miongo kadhaa kufikia ukubwa wa kumtuliza kijana. Majangili nao huwalenga hao hao kwanza, kwa sababu ndio wenye meno makubwa.