Boksi la gitaa "wati 1000" kwa adapta ya volti 24, hesabu inakubali?

mpigasolo
Wakuu, naombeni macho yenu kabla sijatoa hela. Natafuta boksi la gitaa lenye amplifaya ndani, inchi 12, la kuchomekea HX Stomp (kifaa cha efekti za gitaa). Bendi ina drams kamili, besi na kinanda, ukumbi wa watu kama 150. Nimebakiza mawili.

A: tangazo linasema wati 1000. Adapta ya nje, imeandikwa 24V 5A. Spika ohmu 8.

B: linasema wati 150 tu, na bei karibu mara mbili ya A. Linachomekwa moja kwa moja ukutani. Kibandiko cha nyuma kimeandikwa 230V 80W.

Sasa lipi linadanganya? Maana hata B linajiita 150 huku kibandiko kinasema 80.

fundi_ohmu
A, na huna haja hata ya kulifungua. Kama ndani hakuna saketi ya kupandisha volti (kwenye maboksi ya bei hiyo mara nyingi hakuna), amplifaya haiwezi kutoa volti zaidi ya zile inazolishwa. Chipu za daraja la D (aina ya amplifaya isiyopoteza umeme mwingi) zinazofungwa humo huendesha spika kutoka pande zote mbili, kwa hiyo kilele cha wimbi ni volti 24 hivi. Kanuni ni volti mara volti, gawa kwa ohmu mara mbili: 24 × 24 = 576, gawa kwa 16, unapata wati 36. Ndiyo RMS yako (nguvu ya wastani), tena kabla ya kutoa kinachopotea kwenye chipu yenyewe.

Sasa angalia 36 inavyonenepeshwa. Pima kwa ohmu 4 badala ya 8, inakuwa 72. Ruhusu upotofu wa asilimia 10, yaani mlio umeshaanza kukwaruza, inafika 90 hivi. Andika kilele badala ya wastani, 180. Ndani kuna chaneli mbili, moja ya wufa (spika ya sauti nene) na moja ya twita (ya sauti nyembamba)? Jumlisha zote, 360. Hapo bado kila namba ina mzazi wake. Kutoka 360 hadi 1000 ni kalamu ya mwuzaji tu.

Halafu hiyo chaneli ya twita isikubabaishe. Gitaa nguvu yake karibu yote iko kwenye wufa.

sautimlangoni
Fundi yuko sahihi kuhusu A, ila mkuu usiondoke na wazo kwamba namba ya kibandiko cha umeme ndiyo kikomo cha sauti. Kwa vifaa vya sauti, matumizi ya umeme huandikwa kwa kipimo cha moja ya nane ya nguvu ya kutoa, kwa sababu muziki wa kawaida unazunguka hapohapo. Moja ya nane ya 150 ni wati 19 hivi. Ongeza kinachopotea kwenye saketi ya umeme na DSP (chipu ya kuchakata sauti), kisha watengenezaji wengi huacha nafasi juu yake. 80W kwenye kibandiko haipingani kabisa na 150 za kutoa. Vilele vifupi vinatoka kwenye kapasita, siyo ukutani.

Kwa hiyo kwenye adapta ya nje angalia volti, kwa sababu ndiyo dari. Wati za kibandiko ukizitumia kuhukumu boksi la kuchomeka ukutani utaonea lililo kweli.

Kosa jingine ni kusoma namba iliyo kwenye sumaku ya spika. Ile ni joto ambalo koili inavumilia, haihusiani na amplifaya inatoa nini. Spika ya "300W" ikilishwa wati 36 inatoa sauti ya wati 36.

mpigasolo
Asanteni. Kwa hiyo B ni mara nne ya A kwa kelele?

sautimlangoni
Hapana. Kuzidisha nguvu mara mbili kunaongeza dB (desibeli, kipimo cha ukali wa sauti) 3 tu. Kutoka 36 hadi 150 ni dB 6, utaisikia wazi lakini haifiki hata mara mbili kwa sikio. Kinachoweza kukupa kingi zaidi ni wepesi wa spika: dB ngapi kwa wati 1, mita 1. Vintage 30 ya Celestion, kwa mfano, ni dB 100 na inabeba wati 60 tu. Spika ya dB 94 itahitaji wati mara nne kulingana na ile ya dB 100, na watu bado watailinganisha kwa wati!

Chukulia A ni dB 95: jumlisha 15.6 (ndizo wati 36 zikigeuzwa dB), unapata 110.6. B likiwa dB 99: jumlisha 21.8 (za wati 150), unafika karibu 121. Hapo ndipo pengo linakuwa kubwa. Mwulize mwuzaji namba hiyo. Akikupa "SPL ya juu" (ukali wa juu kabisa wa sauti) peke yake, toa 3 kwa sababu kwa kawaida imepigwa kwa nguvu ya kilele, na toa nyingine 2 au 3 za koili kupata moto.

Tena sauti safi ndiyo inayokula nguvu. Distoshen imeshabanwa, vilele vyake ni vifupi. Gitaa safi vilele vinaweza kupita wastani kwa dB 12 au zaidi, yaani mara 16 ya nguvu. Dukani piga kodi safi, nyuzi nene, ongeza voliyumu taratibu. Pale ambapo E ya chini inaacha kukua huku nyuzi nyembamba zikiendelea, limita (saketi inayozuia sauti isizidi) imeshashika. Huo ndio mwisho wa boksi, hata kama kitufe kipo saa nane.

fundi_ohmu
Anayetaka kupima kwa vifaa: toa waya za wufa, weka rezista ya waya ya ohmu 8, wati 100, iliyofungwa kwenye bati la alumini. Ingiza wimbi la sine la 400 Hz, multimita kwenye AC, pandisha hadi kichwa cha wimbi kianze kukatika. Ukisoma volti 16.5, hiyo ni 272 gawa kwa 8, wati 34.

Oskiloskopu USIIFUNGE klipu ya ardhi kwenye waya wowote wa spika. Pande zote mbili zina umeme, utapiga shoti kupitia ardhi na chipu inaondoka. Tumia chaneli mbili, toa moja kwa nyingine. Na boksi kama B, kapasita ya upande wa ukutani inakaa na volti 325 za DC. Chomoa, subiri, pima kwanza.

besi_nne
Na aliyekwisha kuingia mkenge wa A? Akifunga spika ya ohmu 4 si anapata 72?

fundi_ohmu
Kwa karatasi ndiyo, kama chipu inaruhusu ohmu 4. Lakini vilele vinataka ampea 6 na adapta ni ya 5. Nyingi zitajizima kwenye noti ndefu ya chini, kisha zinawaka tena, boksi linakuwa linakatakata. Spika ya ohmu 8 yenye dB 100 itampa dB 5 bila kugusa adapta. Ahakikishe tu kwanza kwamba uzito na kina cha sumaku vinaingia kwenye boksi.