Amplifaya za "wati 6800" hapa Mbeya: huu ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi umeme wa magari, nafunga redio na spika hapa Mbeya mjini, na uzi huu naufungua nikiwa na hasira. Wenye maduka ya spika za magari najua mmo humu. Someni mpaka mwisho.

Juzi kaja mzee mmoja kutoka Igurusi. Kauza mpunga, kapitia dukani kwanza, ndipo kaja kwangu na boksi la amplifaya, ile mashine ya kuipa redio nguvu ya kusukuma spika, limeandikwa wati 6800 kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa yenyewe. Katoa laki nne na nusu. "Fundi nifungie hii, na spika za milangoni unganisha humo humo." Nikaigeuza ubavuni kutazama fyuzi. Ipo moja tu, amperi 25.

Hesabu yake haihitaji chuo. Umeme unaoingia ni volti mara amperi. Gari likiwa linaunguruma unapata volti 14 hivi, na 14 mara 25 ni wati 350. Huo ndio umeme ambao fyuzi hiyo inaweza kuubeba bila kukatika, na wote hauendi kwenye spika. Amplifaya ya daraja AB (daraja ni aina ya saketi ya ndani), kama ile ya mzee, inageuza karibu nusu kuwa joto ukiipigisha kwa nguvu. Za daraja D zina nafuu, zinaweza kufikisha asilimia 80 na zaidi. Kwa hiyo mzee wetu kanunua mashine ya wati 200, ikizidi sana. Zile 6600 zilizobaki ni wino wa kwenye boksi.

Tukarudi wote dukani. Ukutani kuna kibandiko: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Risiti ya EFD hakupewa, kapewa kikaratasi cha kuandikwa kwa kalamu. Kijana yule yule aliyemwamkia shikamoo asubuhi wakati anataka hela yake, sasa anamjibu huku anachezea simu: "Huyo fundi wako anataka akuuzie za kwake." Mtu wa umri wa babu yake! Na mzee akaanza kunitazama mimi kana kwamba tapeli ni mimi. Mnaua biashara yetu mafundi na bado mnatupaka matope.

Maana mzigo wote unaishia kwetu. Spika ikiungua, mteja harudi dukani, anarudi kwa fundi. "Ulifunga vibaya." Wakati kilichoiunguza ni hiyo hiyo mashine ya uongo: mtu anaipandisha sauti akitafuta zile wati alizoahidiwa, mashine inafika mwisho wa uwezo wake, inaanza kukata vichwa vya mawimbi, sauti inakwaruza, na koili ya twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inapokea nguvu isiyoiweza. Twita ndiyo inakufa kwanza, kila mara. Halafu dukani wanamwambia anunue spika "kubwa zaidi". Anapigwa mara ya pili.

Kuna wadau watasema mbona hizo mashine zinapiga tu. Ndiyo, zinapiga. Hata redio iliyokuja na gari inapiga. Ukiona redio imeandikwa wati 50 mara 4, jua nayo imetiwa chumvi: kwa volti 14.4 na spika ya ohm 4 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), redio isiyo na kipandisha volti ndani yake haiwezi kuvuka wati 26 kwa kila spika kwa sauti safi. Hiyo ni fizikia, hata uinunue Kariakoo au Dubai. Ila kampuni zinazojiheshimu, ukifungua kijitabu, unakuta kile kipimo cha kweli, cha RMS, yaani nguvu inayoweza kuitoa mfululizo, wati 20 na kitu. Yaani ukweli upo, ni wewe kuutafuta. Kwenye maboksi mnayotuletea hata kijitabu hakuna.

Na kipimo cha haki kipo tangu 2003. Wamarekani waliweka kiwango kilichoitwa CEA-2006, siku hizi CTA-2006 (hiyo 2006 ni namba yake, si mwaka): amplifaya ipimwe kwa volti 14.4, mzigo wa ohm 4, na mchafuko wa sauti usizidi asilimia 1, ndipo uandike wati zako. Ni cha hiari, halazimishwi mtu. Lakini muuzaji anayejua kazi yake anakijua, na mteja akiuliza RMS anajibiwa kwa namba. Hapa kwetu ukiuliza RMS unaambiwa "bro hii ni og".

Kinachoniuma zaidi ni madereva wa malori. Lori ni volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo. Amplifaya ya redio ni volti 12. Dereva anatoka Dar anakwenda Tunduma, anataka muziki usiku asisinzie, anauziwa mashine ya volti 12 na anaelekezwa achukue umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Betri hiyo inanyonywa peke yake, mwenzake inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa kabla ya wakati. Gari linazima foleni ya mpakani, tajiri anamkata dereva mshahara. Kinachotakiwa ni konveta ya 24 kwenda 12, na konveta ya amperi 20 inatoa kama wati 240 tu, kwa hiyo hata hizo wati mia sita mnazomwahidi hazina pa kutokea. Mnajua hilo. Mnauza tu.

Waya nazo. Nyaya nene za kupendeza, nyekundu inang'aa, ukizichuna unakuta nusu ni plastiki na ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza na kisu, ikitokea nyeupe ujue. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo waya wa unene ule ule unapata joto zaidi. Na kwenye hizo "kiti", yaani seti za waya za kufungia, fyuzi unaikuta imewekwa mwishoni, karibu na amplifaya! Fyuzi inakaa karibu na betri, isizidi nusu mita, kwa sababu inalinda waya. Waya ukichubuka kwenye bodi ya gari katikati ya safari na fyuzi iko nyuma kwenye buti, hiyo gari inawaka.

Sabufa sitaki hata kuanza. Kifuniko cha mpira kikubwa nyuma, ukikitoa sumaku ni ya spika ya nyumbani. Na mtu anauziwa mbili za ohm 4, haambiwi kwamba zikiungwa sambamba zinakuwa ohm 2, wala haulizwi kama mashine yake inazimudu. Ikizima kwa joto, fundi.

Kwa wanaotaka kununua wiki hii: acheni kuuliza "ina wati ngapi". Uliza RMS kwa ohm ngapi. Tazama fyuzi, zidisha kwa 14, gawa kwa mbili. Kwenye spika uliza desibeli zake kwa wati 1 na mita 1, yaani ukubwa wa sauti ukiipa wati 1 na kuipima mita 1 mbele yake, hii watu hawaijui kabisa na ndiyo yenye faida kuliko zote. Spika ya 86 inahitaji wati mara nne kufikia sauti ya spika ya 92. Kama huna amplifaya, unatumia redio ya gari tu, chukua za 90 kwenda juu, inchi sita na nusu mlangoni, utashangaa. Hela inayobaki nunua waya wa shaba kweli.

Na dai risiti. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Kibandiko cha "hairudishwi" hakiwezi kuhalalisha uongo uliochapwa kwenye boksi.

Mliofungua mashine zenu wekeni picha za bodi ya saketi hapa chini, upande wa fyuzi uonekane. Na wewe kijana wa dukani, najua utausoma uzi huu. Mzee wa Igurusi anarudi mjini Jumamosi. Mrudishie hela yake, au njoo na hiyo mashine karakana tuifunge kwenye kipimo mbele yake. Ikifika hata wati 500 za RMS, nitailipia mimi.